Yai Moja la Kumbakizia Kuku

Nilipokuwa mtoto, na nasema hivyo ingawa wapo wanaoniita mtoto mpaka leo, bibi yangu mzaa baba alikuwa na mwiko mmoja asioutania: mtoto hali yai. "Mtoto akionja yai huwa mwizi," alisema. Katika mambo mengine yote alinitania kutwa nzima na kuniita mke mwenzake, lakini akifika kwenye yai uso wake ulibadilika. Mayai yalikuwa ya kuatamiwa, au ya kumpikia mgeni. Sisi tuliyatazama tu.

Kila masika, kama watu wengi wa Ifakara, tulifunga nyumba, tukavuka mto pale Kivukoni kwa mtumbwi na kwenda kuishi shambani mpaka mpunga uvunwe. Huko tulikaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yasitufikie. Kuku tuliwabeba kwenye tenga. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la pili. Daftari langu nililichomeka kwenye nyasi za paa la dungu, nikijiambia kwamba nitalisoma ndege niliowafukuza mpungani wakipumzika. Ndege hawakupumzika.

Mdogo wangu Deo alikuwa na miaka miwili, ameachishwa ziwa karibuni. Miguu ilimvimba. Nywele zilimgeuka rangi, zikawa nyekundu na laini kama nywele za hindi bichi. Ukimweka mahali, alikaa pale pale mpaka umwondoe. Jirani yetu wa dungu la pili, Mama Anjelina, alimtazama siku moja akasema bila kushusha sauti, "Huyu kabemendwa huyu." Watu waliamini kwamba mtoto huvimba hivyo wazazi wasipotunza miiko ya wakati wa kunyonyesha, na lawama yote humwangukia mama. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele. Ungo aliendelea kuushika, lakini haukutikisika tena.

Kesho yake alimbeba Deo mgongoni, tukavuka mto kwenda zahanati ya masista. Sista aliyetupokea alimbonyeza Deo mguu, kidole kikaacha shimo. Hakumlaumu Mama. Alitupa chupa ya mafuta ya samaki, kijiko kimoja kila asubuhi, kisha akatunyooshea kidole mimi na Mama kama mwalimu. "Chupa hii inasaidia tu. Haishibishi. Mwili wake unataka chakula cha kuujenga. Mpeni yai kila siku, maharage, samaki, mboga za majani. Si wali mtupu."

Bibi aliinusa ile chupa akairudisha haraka. "Ni samaki gani huyu? Kambale wa kwetu hajawahi kunuka hivi hata akioza."

"Ni dawa, Mama," mama yangu akamwambia.

"Basi anywe. Dawa ni dawa."

"Na sista amesema yai."

Bibi akasema, "Nitampondea samaki mwenyewe, nitamtoa miiba. Mlenda nitachuma. Yai, hapana. Mnataka apone halafu awe mwizi?"

Mama hakubishana na mama mkwe wake. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa nimeliona lile shimo kwenye mguu wa Deo, na nilijua kwamba kama halikufutika, nitabaki bila mdogo wangu.

Mchana Mama na Bibi walikuwa ndani ya mpunga wakivuna, na mimi niliachwa dunguni na Deo na debe la kufukuzia ndege. Tetea mmoja alikuwa anataga kwenye kikapu kibovu chini ya ngazi. Siku ya kwanza nilichukua yai moja, nikalifukia kwenye majivu ya moto. Lilipasuka kama bunduki, Deo akalia, nami nikabaki nimepakwa majivu usoni. La pili nililichemsha kwenye kopo. Nilimlisha kidogo kidogo kwa kidole, nikayachimbia maganda shimo kama ninazika mtu. Alimeza yote. Akanitazama akingoja jingine.

Jioni Bibi aliangalia upande wa mpunga uliokuwa karibu na dungu. "Mke mwenzangu, leo ndege wameshiba kuliko sisi. Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa napiga debe, Bibi."

"Unapiga debe au usingizi?"

Nikaendelea hivyo siku nyingi. Kila yai nililokuta, nilichukua. Hapo ndipo maneno ya Bibi yalipotimia, maana kwetu yai lilikuwa limeshamfanya mtoto mwizi. Ila mwizi hakuwa aliyelila.

Asubuhi moja nilikuta kikapu kitupu, na kesho yake vilevile. Kuku alikuwa anapita mbali, akielekea majanini. Nilihangaika sana. Bibi alikuwa amekaa akinoa kisu chake cha kuvunia. Bila kuniangalia, akasema, "Kuku akikuta kiota hakina kitu, anahama. Anayechukua amwachie moja." Akajaribu makali kwa kidole, akainuka, akaingia shambani.

Nilisimama pale nikimtazama akienda. Alijua. Baadaye nilimkuta yule tetea amerudishwa, amefunikwa tenga juu ya kile kikapu, na ndani mna yai moja la kumvutia. Sikuwahi kumwona Bibi akiyafanya hayo, na hatukuwahi kuyazungumza.

Kabla mavuno hayajaisha, Deo alimfukuza kuku kwa miguu yake mwenyewe, akaanguka, akacheka. Mama alitupa ungo chini, akakaa, akalia. Mpaka leo sijui kilichomponya kilikuwa mafuta ya ile chupa, au samaki wa Bibi, au mayai yangu. Nadhani ni vyote, na kila mmoja wetu aliyekuwa akimlisha.

Miaka michache baadaye Bibi aliugua. Masista walimwambia ale mayai apate nguvu. Nilimchemshia moja, nikalimenya, nikamwekea mkononi. Alilishika mpaka likapoa.

"Kula, Bibi."

"Niwe mwizi uzeeni, mke mwenzangu?" Akacheka kidogo, akanirudishia. "Mpe Deo."

Deo alilila pale pale kitandani kwa Bibi, naye Bibi alimtazama akitafuna mpaka mwisho.

Bibi alipotutoka, Mama alibaki peke yake na shamba, nami nikatolewa shule nimsaidie. Deo ndiye anayesoma sasa. Usiku hunisomea daftari lake, nami humsahihisha pale ninapoweza, na nisipoweza nanyamaza. Mayai nakusanya mimi. Kila siku naacha moja kiotani, na kila siku mkono wangu unalikuta bado lina joto la kuku. Hapo ndipo ninapomkumbuka Bibi na kutamani aje, hata kama ni kuniuliza tu ndege wamekula nini leo.