Kanzu Nyeupe na Pikapu ya Buluu

Sasa nacheka, lakini ile miezi ya mwanzo nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba za watu ili nisikatize soko la mji wetu, Msimbwa, maana pale sokoni kila aliyeniona, hata mama muuza vitumbua, alikuwa ananiuliza, "Momade, leo umelala chini?" na wenziwe wote wanashika mbavu, na mimi nacheka nao kwa mdomo huku masikio yanawaka moto. Basi nawasimulieni mwenyewe, kabla hamjasikia kwa mwingine atakayetia chumvi (ingawa sijui ataitia wapi, chumvi yote niliimwaga mimi siku ile).

Nilikuwa nimemaliza kontrato, yaani mkataba, wa miaka miwili jikoni kwenye kambi ya gesi kule Afungi, kazi yangu kumenya viazi na kusugua masufuria makubwa ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto, na muda wote nilipokuwa namenya nilikuwa naota kitu kimoja tu, pikapu. Si gari la fahari, hapana. Pikapu iliyotumika, nzima, ya kubebea mihogo na magunia ya korosho kutoka shamba letu la Diaca, ya kumpeleka Mama msibani bila kubembeleza mtu, na zaidi ya yote ya kumpeleka Bibi Anshia akalione shamba lake. Bibi, mama yake baba yangu, tangu tulipokimbia vita mpaka tuliporudi alikuwa hajakanyaga kule. Miguu ilikuwa imekataa, na pikipiki hawezi kupanda. Kila asubuhi nikimpelekea uji ananiuliza, "Mume wangu," (ndivyo alivyokuwa akiniita, mnajua utani wa bibi na mjukuu) "ule mkorosho wa babu yako bado umesimama?" Nami namjibu, "Umesimama, mke wangu, unakungoja." Nikamwahidi kwamba nikinunua gari, kiti cha mbele ni chake, na atashukia chini ya mkorosho ule ule.

Na hapo lazima niseme habari ya rangi. Marehemu baba alikuwa na pikapu ya buluu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunarudi nayo kutoka Diaca jioni, mimi nimelala chali juu ya magunia ya korosho, nasikia baba anaimba huko mbele kwa sauti mbaya kabisa na Bibi anamwambia anyamaze, na ile harufu ya dizeli iliyochanganyika na mabibo yaliyoiva, wallahi mpaka leo nikiisikia nasimama. Gari lile lilipotea katika yale mambo, kama vitu vingi vilivyopotea. Kwa hiyo kichwani mwangu pikapu nzima ilikuwa lazima iwe ya buluu. Ya rangi nyingine nilikuwa siioni hata ikipita mbele yangu.

Rafiki yangu Krispini, Mmakonde wa Mueda, dereva tuliyefahamiana Afungi, alijua ugonjwa wangu huo. Akanikalisha chini kama mwanafunzi. Akasema, gari lililotumika unakwenda kulitazama asubuhi na mapema, kabla halijawashwa, unaweka kiganja juu ya boneti, ukikuta joto ujue mwenyewe ameliamsha kabla yako ili usisikie linavyokohoa. Kisha unalala chini yake, chali, na tochi na spana, unaigonga chesisi, kile chuma kirefu kinachobeba gari zima kama uti wa mgongo, toka mbele mpaka nyuma, na unasikiliza. "Chuma kizima kinaimba," akasema. "Chuma kibovu kinanyamaza. Na usiende bila mimi, mpwani. Jumamosi alfajiri, mimi na wewe."

Sasa Ijumaa natoka msikitini, nimevaa kanzu yangu ya Idi, nyeupe pee, na kofia aliyoidarizi Bibi kwa mkono wake enzi zile macho yake bado yanaona tundu la sindano, napita karibu na uwanja wa mpira, nikaiona. Buluu. Buluu ile ile! Nikajiambia nitatazama tu, kutazama si kununua.

Muuzaji, mtu mmoja mgeni mjini kwetu anaitwa Sumaili, alinikaribisha kwa mikono miwili. "Karibu patrão, bosi wangu! Macho yako mazuri, umeiona mwenyewe." Pembeni yake ilisimama pikapu nyingine, nyeupe zamani, siku hiyo rangi ya tope, taa moja imefungwa kwa waya. Nikauliza kwa adabu tu. "Hiyo ya mkulima wa Diaca, Mzee Bernado, kaniachia nimtafutie mtu," akasema Sumaili bila hata kuitazama. "Haina sura. Ila haijawahi kumlaza mtu njiani." Nikasogea hatua moja, nikaliona lile tope, nikaiona kanzu yangu, nikarudi hatua mbili.

Kwenye ile ya buluu niliweka kiganja juu ya boneti kama nilivyofundishwa. Moto! "Jua la saa saba, patrão," akasema Sumaili, "hata kipara changu kina moto, kiguse." (Nilikigusa. Kweli kilikuwa na moto.) Kisha akasema mwenyewe, "Ingia chini utazame, mimi sikatazi mtu."

Nikatazama mchanga, mweusi kwa mafuta. Nikafikiria Mama alivyoifua ile kanzu na kuipiga pasi ya makaa. Nikachuchumaa, nikashika pindo kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili, nikapinda shingo kama kuku anayechungulia mende, nikaona giza, nikasema kwa sauti ya fundi mkubwa, "Hmm. Safi."

Hiyo "safi" ndiyo iliyonimaliza. Alasiri livrete, kadi ya gari, ilikuwa mfukoni mwangu na mimi napiga honi mtaani.

Kwetu gari jipya halianzi kazi bila dua. Jumamosi Mama alikuwa amekwisha alika majirani, ubani ukafukizwa, mwalimu wa madrasa akasoma, na desturi yetu ni kwamba aliyeliombea gari dua hulipanda safari yake ya kwanza, asiachwe nyuma. Basi akina mama wote wa mtaa wakapanda nyuma, na sufuria la pilau katikati yao, tukale shambani. Bibi nikambeba mwenyewe nikamkalisha mbele, kajifunga kapulana mpya kiunoni, ameweka viganja vyake viwili juu ya dashibodi kama mtu anayemtuliza mnyama. Mimi na kanzu yangu, imefuliwa usiku ule ule.

Ndipo Krispini akatokea, spana mkononi. Akalizunguka gari. Akanivuta pembeni.

"Ulilala chini?"

"Nilichuchumaa."

"Sikukuuliza habari ya kuchuchumaa, Momade. Ulilala?"

"Nilivaa kanzu, Krispini."

Akanitazama toka kofia mpaka viatu. "Basi washushe watu, nilale mimi."

Nikawatazama akina mama, wameshaanza kuimba na kupiga makofi. Nikaona haya kuwaambia washuke. Fikirini, wenzangu, haya ya dakika tano niliikimbia, nikaenda kuchukua ya mwaka mzima. Nikamwambia, "Twende tu, ukilala utalala huko huko shambani." Akapanda nyuma, kasusa.

Tulikwenda vizuri mpaka sokoni. Pale penye mtaro unaokatiza barabara, magurudumu ya mbele yakapita, ya nyuma yakaingia, na nikasikia mlio, si mkubwa, kama mtu anayevunja muhogo mkavu. Kisha gari likakunjika. Katikati! Nyuma ikakaa chini, mbele ikainuka, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, na akina mama wakaanza kuteremka taratibu, kama samaki wanaomiminwa kutoka kwenye pakacha, sufuria la pilau likitangulia, jirani yetu Bi Fatuma akifuata, kisha mwingine, kisha mwingine, huku wimbo bado unaendelea kwa wale ambao zamu yao haijafika. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Ila honi ilikwama. Ikalia bila kupumua, na kama kulikuwa na mtu Msimbwa nzima ambaye hakuwa ameona, alikuja kuona.

Na Bibi, huko juu kwenye kiti chake, pua imeelekea mawinguni, akaniuliza kwa utulivu, "Mume wangu, mbona naona mbingu tu? Tumefika kilimani?"

Krispini akang'oa waya wa betri, kukawa kimya, kimya kibaya zaidi ya honi. Akagonga chesisi kwa spana. Pu. Kipande kikubwa kikadondoka, rangi ya buluu juu, ndani yake ni masa, ule udongo wa mafundi wa kuzibia bati, na karatasi ya mfuko wa saruji. Chuma hakuna, kutu imekila.

"Njoo," akaniambia. "Ulale sasa, uone ulichonunua."

Nilipiga magoti pale mtaroni, maji ya samaki na mafuta yamechanganyika, watu wametuzunguka kama kwenye ngoma, na nilipotaka kuingia chini nikasikia dirisha linagongwa.

"Momade! Nipe kofia yangu," akasema Bibi. "Kanzu utapata nyingine. Kofia, macho ya kuishona sina tena."

Nikamnyooshea. Akaipangusa, akaiweka mapajani, ndipo nikalala chali ndani ya maji yale, na kanzu yangu ya Idi. Soko zima likapiga vigelegele. "Bwana harusi kalala!" akapiga kelele mmoja. "Mtandikieni mkeka!" Nikiwa kule chini nikikitazama kile chuma kilichooza sikulia kwa ajili ya gari, nasema kweli, machozi yalinitoka kwa ajili ya ule mkorosho, maana nilijua Bibi hana asubuhi nyingi za kuuliza.

Nilipotoka, mweusi kama mchoma mkaa, nikamwambia, "Bibi, nikushushe turudi nyumbani."

"Sishuki. Nimeahidiwa mkorosho. Hapa ni sokoni."

Mama akamsihi, hakushuka. Bi Fatuma, wali umo mpaka kwenye ushungi, akamsihi pia, wapi! Ndipo kwa nyuma tukasikia injini, tu-tu-tu-tu, ya polepole, na ile pikapu nyeupe ya rangi ya tope ikaja na taa yake ya waya. Mzee Bernado mwenyewe, kaifuata kwa Sumaili kwa kuwa hakuna aliyeipenda na yeye ana mihogo yake ya kubeba. (Sumaili, akasema, ameondoka alfajiri na hakuacha salamu.) Akatazama gari langu, akanitazama mimi, hakucheka, Mungu ambariki, akauliza tu, "Bibi anakwenda wapi?"

"Diaca," akajibu Bibi kutoka mawinguni. "Umechelewa, baba."

Njia nzima nilikaa nyuma, juu ya magunia matupu. Pikapu ile ilipanda kila kilima bila kulalamika. Harufu ya dizeli ilikuwa ile ile ya baba, na mimi miaka yote nilidhani ile harufu ilitoka kwenye rangi ya buluu.

Mkorosho ulikuwa umesimama. Tawi moja limevunjika, nyasi zimefika kiunoni, lakini umesimama. Tulimkalisha Bibi akaegemeza mgongo kwenye shina, akachuma jani, akalifikicha, akalinusa. Kisha akasema, "Mume wangu, umenifikisha."

"Gari si langu, Bibi."

"Nimekuuliza gari la nani?"

Ile ya buluu tuliiuza vipandevipande, injini peke yake, milango peke yake, na nikarudi Afungi kumenya viazi tena. Nilipotoka, nyeupe ya Mzee Bernado ilikuwa bado haijapata mtu, kwa sababu ya sura yake. Nilikwenda alfajiri, na Krispini, nimevaa kaptura iliyochanika. Nililala chini yake mpaka umande ukaniingia mgongoni, nikaigonga yote. Iliimba. Bibi aliipanda msimu mmoja mzima wa korosho, kiti cha mbele, viganja juu ya dashibodi, kabla hajatuacha.

Kanzu ile nimeikata matambara ya kufutia mafuta. Siku hizi mtu akiniomba nimsindikize kuchagua gari, kwanza namtazama alivyovaa, na kama kavaa nguo ya kuonea haya mchanga namwambia rudi nyumbani ukabadilishe, mimi nakungoja. Kofia bado ninayo, haina hata tone la mafuta. Kabla sijaingia chini ya gari lolote naivua, naiweka kwenye kiti cha mbele, upande wa Bibi, halafu nalala.