Afisa Asiyekalia Kiti Chake

Afisa wetu wa ajira hakai. Kila asubuhi huandamana na mtafuta kazi mmoja, dirisha hadi dirisha la ofisi yetu, aone mtu huyo anapokwamia, kisha husogeza meza zikaribiane ili hatua zipungue.

"Mama, mwisho utatuhamishia barabarani," mgonga mihuri wetu humtania.

Jana fundi wa kuchomelea alifika akihema. Kiwanda kilimtaka kabla ya saa sita, na barua yake ilikuwa imebakiza saini ya mkuu wa ofisi, aliyekuwa kikaoni ghorofani. Afisa alimshika mkono, wakapanda, akafungua mlango bila kubisha.

"Adabu iko wapi?" mkuu alifoka.

"Iko chini kwenye foleni, bosi, inakusubiri."

Mkuu akasaini kwa kununa. Fundi akashuka mbio.

"Usiifunike kalamu," afisa alisema. "Naenda kuwaita wengine."