Ukuta Nilioanza Kuufuta Siku ya Posa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, na leo nitakusimulia, kwa sababu umeniuliza swali ambalo vijana wengi huniuliza wakiona picha zangu. Wewe umeuliza kwa adabu vitu hivi navitoa wapi, na kama nawe uvifiche vyako. Juzi kijana mmoja wa hapa mtaani alisimama mbele ya turubai langu, akakuna kichwa, akaniita bibi kwa lugha yao ya mtaani: "Shosho, hii ni noma. Kwani huwa unavuta nini?" Nilicheka hadi miwani ikaanguka. Sijawahi kuvuta kitu, mwanangu, hata sigara. Moshi wa jiko la makaa umenitosha.

Lakini ninavyochora ndivyo ninavyoona kweli. Nikiwa mdogo niliugua malaria, homa ikapanda, nikaona dari ya nyumba yetu ikifunguka kama ua. Ndani yake mlikuwa na maduara juu ya maduara, ya rangi nisizozijua majina. Homa ilipoa, maduara yakabaki. Hadi leo nikifumba macho mchana yanakuja, yanazunguka polepole, yanageuka samaki, yanageuka macho ya watu, yanageuka ngazi. Zamani nilidhani kila mtu anayaona. Nilipojua sivyo, nikanyamaza.

Tulikaa Makongeni, katika zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alitoka Machakos akiwa kijana, akawa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya treni. Mama alitutoka nikiwa shule ya msingi, na tangu hapo aliyenilea pamoja na baba ni jirani yetu Bi Mwanaisha, mjane aliyekuja na marehemu mumewe kutoka Mombasa, na ambaye bado alikuwa na lafudhi yake ya pwani kana kwamba alifika jana.

Nilipomaliza shule nilipata kibarua katika kiwanda cha rangi kule Industrial Area, eneo la viwanda, nikibandika lebo kwenye mikebe. Huko ndiko nilikokutana na Njoroge, kijana mpole aliyechanganya rangi kwenye mapipa. Rangi ikikosea, kijani kikitoka kikali kupita kiasi au zambarau ikitoka kama juisi ya zabibu, haikuweza kuuzwa, na msimamizi aliwaruhusu wafanyakazi waichukue. Njoroge akaanza kuniwekea. Wasichana wenzangu walinunuliwa chipsi. Mimi niliwekewa mikebe, na niliibeba hadi nyumbani kwa furaha ambayo sikuwa nimewahi kuionja.

Hakuna aliyenifundisha kuchora. Nilikaa sakafuni na kipande cha mkaa, nikachora mkono wangu wa kushoto, kisha sufuria, kisha viatu vya baba, nikafuta, nikachora tena. Brashi nilizitengeneza kwa kamba ya mkonge. Na mkono ulipoanza kunitii, nikageukia ukuta wa sebuleni.

Nilichora mwanamke amelala. Nywele zake zilitiririka kama mto, na ndani ya mto walikuwamo samaki wenye macho ya watu. Juu yake maduara ya chungwa na kijani yalipandana hadi darini, na kuzunguka kila duara niliweka milango midogo, kila mmoja ukitoa mwanga. Usiniulize kwa nini milango. Ndivyo nilivyoiona.

Baba alirudi kazini, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mutheu," akasema, "hiki ni nini?" Nikamwambia sijui. Akaketi akaipa picha mgongo, akanywa chai yake. Alinipenda sana baba. Hakuniambia nifute, ila wageni wakija aliwaketisha nje.

Basi Njoroge akaniposa. Watu wake wangetoka Murang'a Jumamosi kuja kuonana na baba, na wazee huwezi kuwaketisha nje. Asubuhi ile baba aliweka ndoo ya chokaa katikati ya sebule. Hakuniangalia usoni. "Mama," akasema, maana alinipa jina la mamake na alipenda kuniita hivyo, "hawa ni watu wa kanisa. Wakiona haya watasema msichana wangu ana mapepo, au anavuta bangi. Sitaki urudi siku moja unalia kwa sababu ya ukuta." Kisha akatoka kwenda kutafuta viti vya kuazima.

Nilimwelewa. Na mimi pia niliogopa, mwanangu. Nilimpenda Njoroge, na nilijiona nikisimama mbele ya bibi yake mzaa baba, huku yeye akikusanya leso yake na kuondoka. Nikachovya brashi, nikaanza pale kona ya kushoto. Samaki wa kwanza akapotea. Kisha wa pili. Machozi yalinitoka, lakini mkono uliendelea.

Bi Mwanaisha aliingia na sufuria ya pilau mikononi. Aliitua mezani kwa kishindo.

"We mtoto! Wafanya nini?"

"Nafuta, Bi Mwanaisha. Wageni wanakuja."

"Wageni wanakuja kwa nani? Kwako au kwa chokaa?" Akaninyang'anya brashi. "Hebu nisikize. Mimi picha hii siielewi, wallahi, na nikipita hapa usiku mwili wanisisimka. Lakini miezi mingapi nakuona waamka alfajiri uichore kabla ya kwenda kazini? Leo wataka kuwaonyesha watu ukuta mweupe, wakuoe, kisha kesho uanze kuchora kwao? Huko ni kuwadanganya. Kama ni mtu wa kukukimbia, na akukimbie leo, pilau hili tutalila wenyewe."

"Na Njoroge akienda?"

"Huyo aliyekuwa akikupa rangi? Aende wapi?"

Akaitoa ndoo nje akaimwaga mtaroni. Nikabaki na ukuta wenye kona moja nyeupe.

Wakafika. Njoroge, baba yake, wajomba wawili, na bibi yake, Cucu Wambui, mwanamke mdogo wa umbo aliyetembea kwa mkongojo na ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika ukoo ule. Baba aliingia na viti, akauona ukuta, akafumba macho. Wajomba walitazamana. Mmoja akakohoa, akaanza kuzungumzia mvua.

Cucu Wambui hakuketi. Alitembea hadi ukutani, akasogeza uso karibu kabisa, akanyoosha kidole kilichopinda akakiweka juu ya mlango mmoja mdogo. Mvua ikakosa wa kuizungumzia. Nilishika ukingo wa meza.

"Nani alikwambia habari ya milango?" akauliza.

"Hakuna, Cucu."

"Usinidanganye, mtoto."

"Sikudanganyi. Niliiona tu."

Akageuka akawatazama watu wake. Macho yalikuwa yamejaa maji, lakini mdomo ulikuwa unacheka. Akamnyooshea mkongojo baba yake Njoroge, mtu mzima mwenye mvi. "Nilipomzaa huyu," akasema, "nililala na homa, watu wakanikatia tamaa. Niliona milango hii. Midogo hivi, inawaka hivi. Nilikuwa nimeshafika kwa mmoja, nina mkono juu yake, ndipo huyu akalia, nikarudi kumnyonyesha. Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani? Wangesema nimerogwa."

Baba yake Njoroge alikuwa amesimama. Alikuwa hajawahi kuisikia habari ile, yeye ambaye kilio chake ndicho kilichomrudisha mama yake. Alimwendea, akamshika bega.

Kisha Cucu akaiona ile kona. "Na hapa peupe pana nini?"

Kabla sijajibu, baba akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi nilimwambia afute."

"Basi mwambie arudishe," Cucu akasema, na ndipo akaketi. "Na chakula kiko wapi?"

Mwanangu, laiti ungekuwapo! Bi Mwanaisha alipiga kigelegele hadi majirani wakaja mlangoni kuuliza nani ameolewa. Mjomba yule wa mvua akakiri kwamba tangu utotoni huota anaruka juu ya mashamba ya chai akiwa amevaa suti. Na baba yangu, baba yangu aliyekunywa chai akiipa picha mgongo, akasema kwamba mara nyingi usingizini huona treni ikipita angani bila reli, imejaa watu anaowapenda, na mama yangu yuko dirishani. Tulilila pilau limepoa, na hakuna aliyejali. Kabla hawajaondoka, Njoroge aliniuliza mbele ya wote ni mikebe mingapi nitahitaji kwa ile kona.

Tumeishi naye hadi tukawa wazee, na nyumba zetu zote zimekuwa na kuta za namna hiyo.

Sasa nisikilize. Unaona vitu ambavyo wenzako hawavioni, nawe umekuja kuniuliza kama uvifiche. Usivifiche. Usivikuze pia ili watu washtuke, wala usitafute dawa au majani ya kukuonyesha visivyokujia vyenyewe. Chora ulichoona, kwa ukweli wake, na uufundishe kwanza mkono wako kuchora sufuria na viatu, maana maono bila mkono uliozoea hutoka matope matupu. Atakayekucheka mpe chai. Atakayekuogopa mvumilie, huenda ni baba yako, na huenda anakuogopea. Lakini usimfutie mtu kazi yako kabla hajaiona. Hujui ni nani anakuja na jambo alilolibeba peke yake miaka yote, akisubiri kuliona mahali.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akulindie macho yako hayo, ya wazi na ya kufumba. Akupe rangi tele, watu wa kucheka nao, na mpenzi asiyechoka kukubebea mikebe. Na siku utakapozeeka kama mimi, mkono wako uwe bado unakuwasha asubuhi, ukitaka kazi.