Pikipiki Iliyokataa Kupanda Gari

Mume wangu Sauro alikuwa na pikipiki kumi na moja na hakuendesha hata moja. Zimo kwenye lile banda ambalo mama mkwe alifugia ng'ombe, zimepangwa mstari mmoja, zinang'aa kuliko sahani zangu za harusi. Zote ni za mbio, za kiti kimoja. Wageni wakija hapa Rocca kula kwetu Jumapili, kabla hawajagusa kijiko wanapelekwa bandani, na wakirudi mezani wananiambia, "Iside, una bahati, mumeo anajua kupenda kitu." Kupenda! Mimi nilikuwa nawapakulia supu.

Maana mimi nilikuwa najua. Kila pikipiki mpya ililetwa na gari la Ivano, jirani yetu muuza matunda. Ikishuka tu, Sauro anafungua tangi, anamwaga petroli yote kwenye dumu, anatoa betri, kisha anaiinua kwenye stendi magurudumu yasiguse chini. Dumu ananikabidhi mimi, natilia mashine ya kukatia majani ya uani. Wakusanyaji wengine nao humwaga petroli, ili tangi lisiharibike. Sauro aliimwaga ili asije kijana wa watu akaiwasha pikipiki tena. Kila moja aliinunua kwa mtu aliyekuwa bado anaikimbiza barabarani. Mume wangu hakuwa anakusanya, alikuwa anazifunga jela.

Alikuwa na mdogo wake, Learco, mcheshi, mwenye meno yaliyopishana. Jumapili moja ya Oktoba, sisi tukiwa bado wapya kwenye ndoa, ndugu hao wawili walipanda mlima wakishindana mpaka Muraglione, pale juu kwenye ukuta mrefu wa mawe, ambako wenye pikipiki wa huku Romagna na wa upande wa pili, Toskana, hukutana kunywa kahawa na kutaniana. Sauro alifika kwanza. Akaagiza kahawa mbili, yake na ya mdogo wake. Ya Learco ikapoa. Kulikuwa na majani yaliyolowa kwenye kona ya tatu kutoka juu, yakamtelezesha, basi, hakuna aliyekosea. Lakini nenda wewe kamwambie Sauro.

Tangu siku ile hakupita tena pale mlimani. Tukienda Florence kwa dada yangu tunazunguka kote Bologna kwa barabara kuu, safari ya kwenda na kurudi inakula siku nzima, na hatuulizani kwa nini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sikutaka kuwa wa kumshikia ung'ongo.

Sasa mwaka jana, majani yalipoanza kuanguka, akaingia jikoni na kofia mkononi. Nikimwona na kofia mkononi najua kuna pikipiki.

"Kuna mjane San Godenzo," akasema. "Anauza ya marehemu mumewe. Ya safari ndefu."

"Ya safari ndefu? Wewe?"

"Ni nzuri, Iside. Imetunzwa."

"Bandani hamna nafasi."

"Ipo. Nikiisogeza ile nyekundu."

"Basi nisogeze na mimi kabisa, unipange mstarini!"

Hakucheka. Siku mbili alizunguka bandani, anapima kwa hatua, anasogeza ile nyekundu, anairudisha. Hajawahi kununua ya namna ile. Za mbio ndizo zinazoua, alikuwa akisema, za safari ni za wazee. Sasa ya wazee aliitakia nini? Nikimuuliza anasema hajui. Siku ya tatu akampigia Ivano simu, na mimi nikapanda garini nao, maana nilishaamua: hii ya kumi na mbili haiingii kwangu.

San Godenzo iko mgongoni mwa mlima wetu, upande wa Toskana. Sisi tukazunguka Bologna. Baada ya saa mbili za malori na mvua, Ivano akapiga miayo akasema, "Shemeji, kwa mlimani tungekuwa tumeshakunywa na kahawa." Neno likamtoka hivyo hivyo. Akang'amua, akashika usukani kwa mikono miwili mpaka tunafika.

Mjane mwenyewe, Delfina, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki. Alitukaribisha kwa mkate na nyama iliyokaushwa. Ivano akatafuna mkate, akakunja uso.

"Bibi, huku Toskana chumvi bado haijafika?"

"Imefika, ila tunawawekea watu wa Romagna kwenye kidonda," Delfina akamjibu. "Kula, unyamaze."

Pikipiki ilikuwa uani, ya kijivu, pana kama ndama aliyeshiba, kioo kikubwa mbele, mabegi magumu pembeni, na kiti kirefu cha watu wawili. Sauro akainama, akasikiliza injini, akapapasa nyaya za breki, akanusa oili. Bei walishapatana kwa simu. Nikamwona anatikisa kichwa kidogo, ishara yake ya kukubali, nami nikajipanga kusema langu. Kabla sijaanza, Ivano akafungua mlango wa nyuma wa gari na kuvuta ubao.

"Huo ubao wa nini?" Delfina akauliza.

"Wa kuipandishia garini, bibi."

"Pandishia mbuzi wako. Pikipiki hii haijawahi kupanda gari. Mimi na Gino tumekwenda nayo mpaka kule kaskazini jua lisikozama, ikarudi kwa magurudumu yake. Nilimwahidi kitandani kwake kwamba itatoka uani hapa inatembea. Anayeitaka akae juu yake, aende. Hataki, kesho anakuja bwana mmoja wa Verona, anakuja kwa treni, helmeti mkononi."

Sauro akafuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu.

"Bibi," akasema, "mimi siendeshi."

Kusema kweli nilishtuka. Miaka yote ile hakuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu.

"Huendeshi?" Delfina akamtazama juu mpaka chini. "Sasa unanunua ya nini?"

Sauro akakikunja kitambaa. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulifurahi. Nikasema kimoyomoyo, imeisha, twende zetu nyumbani, mume wangu mzima, na pikipiki ibaki kwa mwenyewe. Nikamshika mkono. "Twende, Sauro. Umesikia. Mwache bibi na bwana wake wa Verona."

Delfina akanigeukia. Akakipiga kile kiti cha nyuma kwa kiganja. Kilikuwa kimebonyea, na vikanyagio vya abiria vimelika mpaka chuma kinaonekana.

"Mimi nilikaa hapa," akasema. "Wewe mwenzangu ulikaa wapi?"

"Jikoni," nikasema.

Nilitaka iwe mzaha. Haikuwa. Machozi yakanijia mbele ya yule mama wa watu. Niliona kitu ambacho sikutaka kukiona: tangu Learco afe na mimi nimepandishwa stendi, petroli imemwagwa, nafutwa vumbi Jumapili ili wageni wanione. Nikamkasirikia Sauro. Nikajikasirikia mwenyewe zaidi, maana niliona raha kukaa pale, hapaui mtu.

"Ile helmeti yako bado unayo?" nikamuuliza Delfina.

"Iside," Sauro akasema.

"Iside nini? Maji umeshayavulia nguo, yaoge. Leseni unayo?"

"Ninayo."

"Miguu unayo?"

Akanitazama, sijui alikuwa anatafuta nini usoni mwangu. Kisha akavaa helmeti ya Gino aliyoileta Delfina, akapitisha mguu, akakaa.

Mara mbili injini ilimzimikia palepale uani, Delfina akiguna kila mara. Ivano akaniinamia sikioni, "Shemeji, nitakuwa nyuma yenu. Nikiona hatari nitapiga honi." Nikamwambia akipiga honi atamwua kwa mshtuko. Nikapanda. Magoti yangu yalilia, helmeti ilinukia manukato ya mwanamke mwingine, na nikamkumbatia mume wangu mbavuni kwa mara ya kwanza hadharani tangu harusi. Moyo wake ulikuwa unadunda mpaka kwenye vidole vyangu.

Mwisho wa kijiji barabara inagawanyika. Kulia unateremka Florence, na kutoka huko Bologna, barabara kuu, salama. Kushoto ni mlima. Sauro akasimama. Taa ya kulia ikaanza kuwaka na kuzima. Hakuna gari lililokuwa linakuja, njia ilikuwa nyeupe, wala haendi. Nyuma yetu Ivano ametulia, hapigi honi. Sijawahi kuogopa namna ile maishani mwangu. Ningekaa kimya tungekata kulia, tungefika, na hakuna ambaye angetucheka.

"Sauro," nikasema, "nyumbani ni kushoto."

Taa ikazima. Ikawaka ya upande wa pili.

Kupanda kulikuwa polepole mno, hata mpanda baiskeli mmoja alitupita akageuka kutushangaa. Ukungu ulianza katikati ya mlima. Kila kona Sauro alivuta pumzi, akaishikilia, na mimi pamoja naye, tukaiachia kona ilipokwisha. Tukatokea kwenye ukuta. Pale juu mkahawa ulikuwa wazi, pikipiki tatu nne zimeegeshwa. Nilidhani atapita. Akasimama, akazima, akaingia ndani bila kuvua helmeti.

"Kahawa mbili," akamwambia mwenye mkahawa.

Zikaletwa. Akaitazama ile ya pili, midomo imemkauka. Sikungoja. Nikaichukua nikainywa yote ikiwa moto, ikaniunguza ulimi mpaka nikapiga kelele. Watu wakageuka. Sauro akanitazama, kisha akanywa yake.

"Sasa ndiyo kuteremka," akasema.

"Najua."

"Ni ya tatu."

"Najua, bwana, najua! Twende kabla miguu haijanigoma."

Kona ya kwanza. Ya pili. Ukungu ulikuwa umeshuka na sisi, barabara imelowa, na majani yametapakaa, ya njano, yanateleza kama maganda. Kwenye ya tatu, tukiwa tumeshalala upande, gurudumu la nyuma likatuponyoka. Nilihisi kiti kinakwenda pembeni bila sisi. Nikafumba macho, nikasema Learco, tuachie. Sauro hakugusa breki. Aliiachia iende, kidogo, akainyoosha, gurudumu likashika lami, na tukawa tumetoka upande wa pili, wazima, tukielekea Rocca.

Akasimama pembeni palipo pana. Akavua helmeti, akalia kwa sauti, mtu mzima, kamasi zikimtoka. Ivano alishuka garini akaja anakimbia, akafika, akatuona, akarudi zake garini. Nilimshika Sauro shingoni mpaka akamaliza, kisha nikampa leso.

"Siku ile alikuwa akicheka," akasema. "Nilimsikia nyuma yangu anacheka. Sikugeuka."

"Ungegeuka mngekufa wote."

Akapangusa pua kwa leso. Kisha akavaa helmeti.

Tulipofika nyumbani, Ivano akatangulia kufungua banda. Pengo lilikuwa pale, karibu na ile nyekundu, limefagiliwa, stendi imewekwa tayari. Sauro akazima pikipiki mlangoni. Akalitazama lile pengo, akaitazama pikipiki.

"Iside," akasema, "dumu liko wapi?"

Nilikuwa bado nimevaa helmeti ya mwanamke mwingine, ulimi unauma, na nikajiambia, mjinga wewe, ulitegemea nini? Dumu lilikuwa nyuma ya mlango, lina petroli nusu, ya ile nyekundu iliyoletwa Agosti. Nikaenda, nikalileta, nikalibwaga miguuni kwake.

"Haya! Imwage! Ya kumi na mbili hiyo, hongera!"

Nikaingia jikoni, nikafungua maji kwa nguvu nisisikie. Nikasikia hata hivyo, ile sauti ya gudu gudu gudu. Lakini ilikuwa inatokea juu, siyo chini. Nikachungulia dirishani. Sauro alikuwa ameliinua dumu begani, mdomo wa dumu kwenye tangi, anajaza. Mlango wa banda alishaufunga, pikipiki imebaki nje kando ya kuni, magurudumu yote mawili chini. Ivano alikuwa amekaa kwenye sanduku la matufaha, mdomo wazi.

Nikafungua dirisha.

"Na majani nitakatia nini sasa?"

Akatikisa dumu lidondoshe tone la mwisho.

"Yaache yaote," akasema. "Jumapili hatupo."