Mama Mkwe Nyuma ya Ukuta wa Jikoni

Miaka ya tisini, nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Ifakara, nilijiona msomi kiasi kwamba majogoo wa mtaa mzima walipaswa kuniomba ruhusa ya kuwika. Nikapata kibarua cha kuwauliza watu maswali ya ndoa. Mtaalamu wa saikolojia kutoka Dar, aliyeniajiri, alikuwa analalamika: waliojibu hadi hapo ni walimu na wauguzi watupu. Alitaka na wakulima, wazee, na wasiojua Kiswahili vizuri.

"Kijijini Kisawasawa wapo tele," nikadakia.

Sikufikiri. Kisawasawa ndiko kwa wakwe zangu.

Nilitegemea mwenzangu wa kike ndiye angewahoji akina mama. Asubuhi ya safari malaria ikamlaza. Tukaenda wawili, mimi na mtaalamu, wingu jeusi nyuma yetu, na barabara ile mvua ikishika humeza gari hadi kwenye vioo.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Nikimwona anakuja njiani naingia majanini, na kama kuna simba nitamwomba asogee kidogo.

Mtaalamu akamhoji baba mkwe uani. Baba akasema ndoa yake haijawahi kuwa na tatizo lolote tangu walipotoka kanisani. Jikoni sufuria ikagongwa kwa nguvu.

Ikafika zamu ya mama. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, na mtaalamu Kipogoro hakijui.

"Nitamtafsiria mimi," baba mkwe akasema.

Mtaalamu akatazama wingu. "Hapana, haifai. Basi tumruke, ya mzee yatatosha."

Sauti ikatoka jikoni, kwa Kipogoro: "Mkwe akae hukohuko nje, anipe mgongo, aniulize. Ya mwenzangu yameandikwa. Na yangu yaandikwe."

Baba mkwe akanitazama. Macho yale yangekausha mpunga shambani. Nikiuliza, mke wangu anaweza kuitwa kwao kesho. Nisipouliza, mama anabaki na majibu ya mumewe.

Nikasogeza kigoda, nikaegemeza mgongo kwenye ukuta wa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Uliza, mvua haijui ukwe."

"Mume wako hukusikiliza?"

"Akiwa na njaa."

Nikamtafsiria mtaalamu kwa kunong'ona. Baba mkwe alichukua panga, akaanza kuchonga mpini wa jembe ambao tayari ulikuwa umechongwa.

Swali lililofuata nililisoma mara mbili kimoyomoyo, nikitumaini litabadilika.

"Umewahi kutaka kumwacha?"

Panga likatulia. Jasho lililonitoka lingemwagilia bonde zima la Kilombero.

"Mwaka ule ndege walipomaliza mpunga wetu," akasema polepole, "nilifunga mzigo wangu, nikaenda barabarani kusubiri gari. Nikajiambia, mtu akiniuliza ninakwenda wapi, nitamjibu na nitapanda. Hakuna aliyeuliza. Nikarudi, nikapika. Hata yeye hakuuliza nilikuwa wapi."

Sikuthubutu kugeuka. Matone ya kwanza yakaanza kupiga paa la nyasi.

"Amesemaje?" mtaalamu akanihimiza.

Kabla sijajibu, baba mkwe akaweka panga chini. Alipita karibu anikanyage, akasimama kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo sikuwahi kumwona amesimama.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" akauliza.

Nikamshika mtaalamu mkono, tukaenda kukaa garini.