Mama Happy na Upepo wa Saa Kumi

Apolonia, au Mama Happy kama wanavyomwita kijijini kwake nje kidogo ya Mafinga, hugema ulanzi, ile pombe ya mianzi, mara mbili kwa siku: asubuhi, na tena saa kumi jioni. Wenzake hugema na kuonja. Yeye tangu amzike mumewe hajagusa hata kikombe. Anagema, anauza, basi. Sasa mwambie mtu hilo akuamini!

Laini ya majaribio ya umeme mkubwa wa DC, ule wa mkondo mmoja, ilipopita kando ya mianzi yake, alisema jambo moja tu: "Asubuhi salama. Saa kumi vinyweleo vinanisimama, na nikigusa seng'enge ya shamba nikiwa na gambuti miguuni, napigwa shoti."

Wee! Kijiji kizima kilicheka. Na Happy, binti yake wa kumzaa mwenyewe, akaacha kumletea wajukuu. "Mama ameanza kunywa," alisema. Hilo ndilo lililomkata maini Apolonia, wala si umeme.

Mhandisi wa laini, dada mmoja aitwaye Eveline, alikuja kupima umeme wa hewani asubuhi, hewa imetulia tuli. Pande zote mbili za laini, namba zilezile. Happy alikuwepo, akaangalia chini kwa aibu.

"Hakuna shida, mama," Eveline akasema, akikusanya vyombo vyake.

"Mwanangu, mimi hapa nakuja mara mbili. Wewe umekuja mara moja. Ngoja saa kumi."

Alisema kwa upole, lakini mkono aliuweka kwenye mlango wa gari na hakuutoa. Eveline akacheka, akabaki; Happy naye akabaki.

Saa kumi upepo ukashuka kutoka kwenye mipaina. Eveline akapima tena. Upande wa pili wa laini namba ilikuwa imeshuka; upande wa mianzi imepanda karibu mara mbili.

"Waya zinamwaga chaji hewani," akaeleza, "na upepo unaisukuma huku kwako. Haijafikia kiwango cha kudhuru, mama, ila vipimo vyetu vya asubuhi havitoshi. Ulisema kweli."

Apolonia hakumsikia vizuri. Alikuwa anamtazama Happy, aliyesimama penye mianzi, mkono ameunyoosha mbele, vinyweleo vimesimama wima.

"Mama, nisamehe," Happy akasema, machozi yakimlengalenga. "Kesho nakuletea watoto."

"Walete asubuhi," akasema Apolonia.