Kasuku Mbele ya Meya

Kundi letu la maigizo lilijaa wasanii, lakini watu walikuja kumwona mmoja tu. Tulimwita Kasuku. Mchana alikuwa fundi viatu nyuma ya stendi. Mteja akivua kiatu kibandani kwake, alimwachia pia mwendo wake, kikohozi chake na majivuno yake, kisha Jumamosi akavikuta jukwaani.

Meya alipofunga ukumbi, eti paa bovu, tukakosa pa kuchezea. Ombi la mikono mitupu halifiki mbali, kwa hiyo tulimpelekea burudani ofisini kwake: Kasuku, mkewe mwimbaji, na shemeji yake mpiga ngoma.

Meya alimsikiliza mwimbaji nusu wimbo, akamkatiza.

"Wewe ndiye unayeniigaga?" akamuuliza Kasuku.

"Mzee, mimi naiga watu wote."

"Haya niige, na mimi nicheke."

Mkewe akamfinya. Kasuku angeweza kuboronga makusudi, yakaisha. Lakini fundi haharibu kiatu mbele ya mwenyewe. Akatoa tumbo, akapandisha bega, akaivuta sauti kutoka puani, mkono ukifuta jasho lisilokuwepo kila ahadi inapotajwa. Wasaidizi waliosimama ukutani wakakohoa kuficha kicheko. Mmoja kikamponyoka.

Meya hakucheka. "Sasa niige nikimtukana fundi viatu."

Kasuku akatutazama. Shemeji akamnong'oneza, "Fanya bwana, ukumbi huo unaondoka."

Kasuku akajitukana kwa sauti ya Meya: mla gundi, mnusa soksi. Wasaidizi wakapata ruhusa, wakaangua kicheko.

"Na mkewe?"

Mkewe alikuwa pale pale. Kasuku akamtukana naye, vizuri mno, kwa sababu kuiga vibaya hakujui. Mwanamke akainama akifunga khanga upya.

Meya akafuta machozi ya kicheko, akasukuma funguo mezani. "Ukumbi wenu. Ila huyu asikanyage jukwaa langu."

"Mzee, mimi ndiye..." Kasuku alisema kwa sauti yake mwenyewe. Wakacheka zaidi, walidhani bado anaiga.

Nilichukua funguo kabla mtu hajabadili mawazo. Ukumbi mzima kwa mtu mmoja: bei hiyo hukai ukaijadili.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mkewe aliimba. Shemeji aliigiza wateja wa kibandani, si haba. Waliouliza Kasuku yuko wapi, mkewe aliwajibu, "Yupo nyumbani, hana sauti."